Bunduki ya kuwinda ya kukaa nayo maisha: mambo ya kuzingatia kabla ya kutoa hela

Kabla hujauliza bei ya bunduki, uliza bei ya boksi la risasi zake. Ukishajibiwa, uliza swali gumu zaidi: boksi hilo lipo? Na mwaka juzi lilikuwepo? Hapa Dodoma nimewaona watu wazima, wenye uwezo wao, wakinunua bunduki ya mamilioni kwa sababu kaliba yake, yaani upana wa tundu la mtutu na risasi yake, inasifiwa, halafu wanaishia kuhesabu risasi moja moja kama mchele wa tarehe ishirini na nane. Bunduki iliyotunzwa inafika miaka mia bila shida. Kinachoisha ni risasi, kwa hiyo uchaguzi unaanzia kwenye risasi.

Karatasi nazo zitangulie. Silaha humilikiwa kwa leseni chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na maombi huanzia chini, kwa viongozi wa mtaa au kijiji wanaokufahamu, yakapanda mpaka polisi. Usilipe dukani kwa matumaini kwamba kibali kitafuata. Leseni ya silaha pia siyo ruhusa ya kuwinda. Uwindaji una kibali chake, na hapo utakutana na TAWA, Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania. Mambo mawili yatakupunguzia machaguo mapema: bunduki zinazojikoki zenyewe haziruhusiwi kuwindia, na kwa wanyama hatari kama nyati kaliba isipungue .375 (ya inchi). Kwa sehemu kubwa unabaki na bunduki ya bolti, ile yenye chuma unachokivuta na kukisukuma kwa mkono kuingiza na kutoa risasi, au ile ya mitutu miwili ya Kiingereza ambayo bei yake ni nyumba ya vyumba vitatu na uzio wake. Mimi nitazungumzia bolti.

Kama bunduki ni moja tu, na ni ya maisha, jibu langu ni .375 H&H. Najua ni jibu la kizee. Ilitolewa na Holland & Holland wa London mwaka 1912, na mpaka leo viwanda vingi duniani vinatengeneza risasi zake. Ganda lake, kopo la shaba linalobeba baruti, ni refu na linapungua unene taratibu kuelekea mdomoni, kwa hiyo linaingia chembani, pale risasi inapokaa nyuma ya mtutu, bila kugoma na kutoka bila kung'ang'ania. Kwenye joto jambo hilo lina uzito. Baruti ya enzi zile, kordaiti, ilikuwa ikipata joto inapandisha msukumo kuliko ilivyokusudiwa, na ganda linanasa ndani ya chemba. Ndiyo sababu John Rigby & Co. walipotoa .416 yao mwaka 1911 waliipa ganda kubwa mno, ili msukumo ubaki chini. Baruti za leo ni tulivu zaidi, lakini risasi iliyoshinda kwenye dashibodi ya gari pale Manyoni saa saba mchana ukiishika inakuunguza, na mimi napenda ganda ambalo lilifikiriwa kwa ajili ya hali hiyo tangu mwanzo.

Uzuri wake mwingine ni kwamba risasi ya greni 300, kama gramu 19 hivi, inakutosha kwa nyati, ile ya greni 270 inakutosha kwa pofu na tandala, na mara nyingi zote mbili zinapiga karibu sehemu ileile bila kugusa darubini. Watu husema .375 itachanachana nyama ya swala. Haifanyi hivyo sana. Risasi nzito ya mwendo wa wastani hutoboa ikapita. Kinachopasua nyama ni risasi nyepesi yenye kasi kubwa.

Kuna mpenzi wangu mwingine ambaye ananiuma: 9.3x62. Otto Bock, fundi wa Berlin, aliitengeneza mwaka 1905 akiwafikiria walowezi wa Kijerumani huku Afrika, kwa kipimo kinachoingia kwenye Mauser ya kawaida, bunduki ya bolti ya Kijerumani, ili isiwe ghali. Inapiga vizuri, haina teke kubwa, na kwa nyati inatosha kabisa. Ila ukiigeuza milimita kuwa inchi unapata .366, na .366 siyo .375. Kama nyati hayumo kwenye ndoto zako, chukua .30-06 ya mwaka 1906 au .308 na usijichoshe.

Sasa chuma chenyewe. Bolti aliyoikamilisha Paul Mauser mwaka 1898 ndiyo mama wa karibu kila bunduki inayoaminiwa mbele ya mnyama hatari, na siri yake ni ukucha mrefu wa chuma ubavuni mwa bolti. Risasi ikichomoka tu kwenye magazini, ukucha unaidaka kwenye ukingo wa kitako chake, unaisindikiza mpaka chembani, na hauiachii mpaka ganda litupwe nje. Kwenye miundo rahisi bolti inaisukuma tu risasi mbele, na ukucha mdogo unaidaka mwisho wa safari. Kwenye uwanja wa shabaha hutaona tofauti. Tofauti utaiona siku mikono inatetemeka: unasukuma bolti, unairudisha kabla haijafika, unasukuma tena, na sasa risasi mbili zinagombea mlango mmoja.

Mjomba wangu, aliyenifundisha, alikuwa na kipimo chake. Aliomba risasi bubu, zile zisizo na baruti wala fataki, akazijaza kwenye magazini, akaipindua bunduki juu chini, akasukuma bolti polepole kama mtu anayefunga mlango wa chumba alicholala mtoto. Risasi ikidondoka kwenye kaunta, alimrudishia muuzaji bunduki yake na kuuliza habari za nyumbani. Mazungumzo ya biashara yalikuwa yameisha.

Na ndiyo maana ukikaa na wapenzi wa Winchester Model 70, bunduki ya bolti ya Kimarekani, utasikia "kabla ya sitini na nne" mpaka uchoke. Bunduki hiyo ilianza kuuzwa mwaka 1936 ikiwa na ukucha wa namna ya Mauser. Mwaka 1964 kampuni ikabana matumizi, ukucha ukaondolewa, na wateja wakanuna karibu miaka thelathini mpaka uliporudishwa miaka ya 1990. Kwa hiyo jina lililochorwa kwenye mtutu halitoshi. Fungua bolti uangalie. Angalia pia kufuli ya usalama: iwe inaizuia pini yenyewe, siyo triga peke yake, na ikuruhusu kutoa risasi chembani ikiwa bado imefungwa.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo niliumia: mbao. Kitako cha walnati kinapendeza, na kikipakwa mafuta ya kitani kwa mkono, tone kwa tone, kinang'aa kama asali. Lakini Dodoma ni nchi kavu. Mvua zikishakata, kuanzia Mei mpaka Novemba ni upepo, vumbi jekundu, usiku wa baridi na mchana wa kukaanga. Mbao inasinyaa. Skrubu ulizozikaza Aprili, Agosti zinazunguka kwa kidole. Bunduki yangu ya kwanza ya .375 niliinunua ikiwa mpya, sikuigusa skrubu zake msimu mzima, na siku moja baada ya risasi ya nne nikaona uzi mwembamba mweusi kwenye mbao nyuma ya bolti. Nilidhani ni unywele. Nikaufuta kwa kitambaa, haukufutika.

Kilichotokea ni hiki. Chini ya chuma kuna nundu inayotakiwa kuegemea mbao sawasawa ili ipokee teke la risasi. Mbao iliposinyaa ikabaki nafasi ndogo tu, unene wa karatasi, na kila risasi ikawa inapiga mbao kama nyundo badala ya kuisukuma. Fundi aliijaza nafasi ile kwa gundi ya epoksi na kupitisha skrubu nene ya chuma kutoka ubavu mmoja wa kitako hadi mwingine. Iko salama mpaka leo, na ufa bado unaonekana. Kwa hiyo kabla ya kununua .375 au kubwa zaidi, mwambie muuzaji aitoe chuma kwenye kitako mbele yako. Akikataa, umeshapata jibu. Kitako cha faiba hakina haya matatizo, na kama huna moyo wa kupaka mafuta na kukaza skrubu, chukua faiba. Mimi moyo huo ninao, na adhabu yake nimeilipa.

Kipimo cha mwili hakihitaji fundi. Simama, fumba macho, iinue bunduki mpaka begani kama unavyoinua kila siku, kisha fumbua. Vishabaha vya chuma, vile vya kulengea juu ya mtutu, viwe vimejipanga mbele ya jicho bila shingo kujinyoosha wala kujikunja. Kutoka triga mpaka mwisho wa kitako wengi wetu tunataka kama sentimita 35. Jaribu ukiwa umevaa jaketi la asubuhi ya Juni, maana ndilo utakalokuwa umevaa. Uzito wa kilo nne hivi usikukimbize; teke la .375 ni karibu mara mbili ya lile la .30-06, na uzito ndio unaolipunguza.

Darubini iwe ndogo. Kwenye vichaka vya Itigi mnyama unamwona akiwa hatua thelathini, na darubini ya kukuza mara kumi itakuonyesha manyoya bila kukuambia ni ya bega au ya paja. Inayoanzia mara moja au moja na nusu inatosha, iwe ya kuchomoka haraka, na chini yake vishabaha vya chuma vibaki. Hakikisha inaonekana vizuri jicho likiwa mbali nayo, sentimita tisa au zaidi, maana teke huirudisha usoni. Ukiona mwindaji ana kovu la mwezi mchanga juu ya nyusi, usimuulize alipigana na nani.

Kuhusu nakshi, lipia ukitaka. Nyati hasomi.

Halafu sefu. Iwe ya chuma, imefungwa ukutani kwa bolti, isiwe chumba ambacho mafundi na wageni wanapita, na nyumbani ajue mtu mmoja tu zaidi yako ilipo. Risasi zifungiwe mbali na bunduki. Vumbi la huku linaingia hata penye kufuli, kwa hiyo futa mtutu ndani mara moja kwa mwezi hata kama hujafyatua, na mafuta yawe kidogo; yakizidi yanashika vumbi na kugeuka tope.

Na kama unasema "ya maisha", basi ukae na watoto. Leseni ni yako wewe, haimo kwenye mirathi kama shamba. Anayetaka kubaki na bunduki lazima aombe leseni yake mwenyewe, na kabla hajaipata silaha inakaa polisi. Mjomba alikuwa na Brno ZKK 602 ya Chekoslovakia, .375, haina nakshi hata moja, na pale kidole gumba chake kilipokuwa kinakaa mbao imelika. Alipofariki hakuna mtoto wake aliyekuwa ameanza maombi. Tuliipeleka kituoni siku ya tatu, imefungwa kwenye kanga ya shangazi, na ofisa aliyeipokea alifungua bolti, akachungulia mtutu kwenye mwanga wa dirisha, akauliza nani alikuwa anaisafisha.