Jinsi ya Kukusanya Damu kwa Ajili ya Kutengeneza Kipimo cha Saratani ya Mapafu

Mtu anayefika kituo cha afya Mbeya au Njombe akiwa na kikohozi cha miezi miwili hupimwa makohozi kwanza, na hivyo ndivyo inavyotakiwa, kwa kuwa kifua kikuu ni kingi kuliko saratani. Tatizo ni kwamba vivuli vya magonjwa haya mawili kwenye picha ya eksirei vinaweza kufanana, na wapo wagonjwa wanaomaliza dawa za miezi sita ndipo uvimbe unapotambuliwa, wakati umeshasambaa. Kipimo cha damu kitakachotufaa huku ni kile kinachoweza kutofautisha hayo mawili, na uwezo huo hujengwa tangu siku ya kuchagua washiriki.

Usilinganishe wagonjwa wa saratani na vijana wenye afya waliojitolea damu. Ukifanya hivyo kipimo kitang'ara kwenye karatasi, kisha kitashindwa wodini. Andikisha kila anayekuja na kikohozi sugu: mwenye kifua kikuu, mwenye makovu ya kifua kikuu cha zamani, mchimbaji wa dhahabu wa Chunya aliyevuta vumbi la mawe kwa miaka, na mama aliyepikia kuni ndani maisha yake yote. Andika umri na uvutaji wa sigara wa kila mmoja. Anayehesabiwa kuwa na saratani awe amethibitishwa kwa kinyama kilichokatwa kwenye uvimbe na kutazamwa kwa hadubini. Eksirei peke yake haitoshi.

Damu yenyewe ndiyo inayohitaji uangalifu mkubwa. Seli za uvimbe zinapokufa humwaga vipande vya vinasaba (DNA) kwenye damu, lakini ni vichache mno, hasa ugonjwa ukiwa bado mchanga. Seli nyeupe za damu nazo zikipasuka ndani ya chupa humwaga vinasaba vyake na kuvizamisha vile unavyovitafuta. Kwa hiyo tumia chupa ya kifuniko cha zambarau (yenye EDTA, dawa ya kuzuia damu isigande), ijaze hadi kwenye alama, ipindue polepole mara nane hadi kumi, wala usiitikise. Ndani ya saa nne izungushe kwenye sentrifuji kwa nguvu ya 1,600 g kwa dakika 10 (g hapa si gramu, ni nguvu ya mvutano wa dunia; hesabu g, si mizunguko kwa dakika, kwa sababu rota, yaani sehemu inayozunguka, hutofautiana upana kati ya mashine na mashine). Nyonya plazma, yaani maji ya damu yanayobaki juu, kwa pipeti na uache kidogo juu ya utando mweupe (tabaka la seli nyeupe), kisha izungushe tena kwa 16,000 g kwa dakika 10 na uigandishe kwenye nyuzi 80 chini ya sifuri. Plazma nzuri ina rangi ya njano hafifu. Ikiwa ya waridi, chembe nyekundu zimepasuka, nawe uandike hivyo daftarini bila kuficha. Utando mweupe usiutupe, kwani seli nyeupe za wazee hukusanya mabadiliko yake ya vinasaba, na bila kuzipima unaweza kuyadhania kuwa ya uvimbe.

Mshiriki akiwa mbali, tuseme Makete, tumia chupa zenye dawa ya kulinda seli, ambazo huhimili siku kadhaa bila jokofu. Ni ghali, lakini kuigandisha kwa baridi damu nzima kabla ya kutenga plazma ni hasara zaidi, kwa kuwa seli hupasuka.

Kabla ya kutangaza matokeo, fanya hesabu hii. Chukua mfano wa watu 1,000 wanaokohoa, 10 kati yao wakiwa na saratani. Kipimo kinachonasa 8 kati ya 10, na kukosea kwa watu 5 katika kila 100 wasio na saratani, kitawataja watu wapatao 58, na 50 kati yao hawana saratani. Kwa hiyo kipimo cha namna hiyo kinafaa kuamua nani atangulie kupigwa picha ya CT, lakini hakifai kumwambia mtu kwamba ana saratani.

Kibali cha maadili cha kitaifa, kinachotolewa kupitia NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu), kitangulie sindano ya kwanza. Ridhaa iombwe kwa lugha anayoielewa mshiriki, naye aambiwe waziwazi: "Mzee wangu, damu hii ni ya utafiti. Majibu ya kukutibu yatatoka kwenye picha na kinyama, na daktari wako ataendelea kukuona hata ukikataa."