Kata Mti, Kisiki Kiishi: Mkaa Katika Msitu wa Kijiji

Ukiingia kwenye kitalu cha mkaa, yaani kipande cha msitu kilichotengwa kukatwa miti ya mkaa, mwaka mmoja baada ya mavuno, usitazame juu. Inama kwenye kisiki. Kama kilikatwa vizuri, utakuta machipukizi yamekizunguka, majani yake laini na mekundu kama shaba. Miti mingi ya miombo haingoji kupandwa upya. Mizizi iliyo hai chini ndiyo inayourudisha mti. Kwa hiyo mvunaji anakata, hang'oi.

Tumia shoka kali au msumeno. Kisiki kibaki chini ya goti, uso wake uinamie upande mmoja ili maji ya mvua yasituame. Gome lisichanike. Tanuru nalo likae mbali na visiki, maana joto lake huua kila kilicho chini yake.

Vijiji kadhaa vya Kilosa, Morogoro, viligawa eneo la mkaa katika vitalu vya mita 50 kwa 50, vikavunwa kwa kurukana kama vyumba vya drafti, kila kimoja kikipumzika miaka 24. Kijiji chenye vitalu 240 kinavuna 10 kwa mwaka, basi. Akija mnunuzi na lori la pili, jibu halibadiliki: kitalu cha 11 kina mwenyewe, pengine bado hajazaliwa.

Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inakipa kijiji mamlaka juu ya msitu wake, pamoja na kazi zake: mpango wa usimamizi, sheria ndogo, kamati ya maliasili. Mapato yasomwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji, shilingi kwa shilingi, na mwanamke mchoma mkaa apewe kitalu sawa na mwanamume. Pale hesabu zinapofichwa, watu hawatoki kwenda kuzima moto, na mimi siwezi kuwalaumu.

Mita 60 kutoka ukingo wa mto msiguse mti. Mninga na mpingo viachieni mbao.

Kinachonitia hofu kuliko shoka ni moto wa Septemba na Oktoba, nyasi zikiwa zimekauka kabisa, na jembe linaloingia kwenye kitalu kilichovunwa kutafuta shamba la ufuta. Jembe linang'oa mizizi. Hapo hakuna kinachorudi. Safisheni njia za kuzuia moto mapema, mwezi Juni. Machipukizi yakishakomaa kidogo, punguzeni, muache mawili au matatu yaliyonyooka kwa kila kisiki. Yanayokatwa yanafaa kwa fito.