Kabla hujampokea mwanafunzi mgeni wa Kiswahili Tanga

Saa mfundishe siku ya kwanza. Ukimwambia aje saa mbili bila kufafanua, atakuja saa nane mchana, jua la utosi, na atakuona wewe ndiye mzembe.

Shikamoo, mweleze anapewa nani, la sivyo atamwamkia hata muuza vocha wa rika lake. Mkono wa kushoto, viatu mlangoni, nguo za kupita nazo Ngamiani: sentensi moja moja, ni watu wazima hao. Mjerumani mwanzishie neno "shule", lilitoka kwao. Atacheka na woga utamtoka.

Sasa sifa. Hapo usipite mbio kama nilivyopita mimi.

Nilimtafutia dada mmoja chumba kwa mama jirani, nyumba ya tatu kutoka kwangu. Siku hiyo tulisoma vivumishi: mtoto mzuri, watoto wazuri, mtoto mnene, watoto wanene. Jioni akamkuta mama mwenye nyumba barazani, kampakata mtoto wa miezi saba. Akasema, upatanisho umenyooka kabisa: "Mtoto wako mnene sana! Mzuri sana!"

Mama akavuta kanga, akamfunika mtoto, akaingia ndani. Usiku mtoto akashikwa na homa. Alfajiri bibi yake yuko kizingitini pangu, hata hodi hakupiga. "Mwalimu, umemfundisha nini mgeni wako?"

Kipimo kilionyesha malaria, na dawa ikamponya. Lakini mtoto alishachorwa wanja kwenye paji la uso kumkinga na kijicho, mgeni alishahamishwa chumba, na mimi wiki mbili nilipita uchochoro wa nyuma. Kilichokosekana ni mashallah tu. Nililiacha kwa kudhani ni la dini, si la somo langu. Siku hizi naliandika ubaoni pamoja na vivumishi, na haendi mtu nyumbani hajalitamka.

Akiulizwa kama ameolewa au ana watoto, ajibu "bado". Akisema "hapana" watampa pole.

Akipita watu wakila wakamkaribisha, ashukuru au aonje tonge. Asikae mpaka sinia liishe. Ramadhani chupa ya maji ibaki mkobani mchana. Picha za watu aombe kwanza, hasa akina mama. Baraza la kahawa aende na mwenyeji mara ya kwanza, na siasa asiiguse, hata wakimchokoza.