Mafuta ya mimea au dawa ya dukani: mkulima ajikinge na mbu kwa kipi?

Anayemwagilia mpunga jioni, anayekamua kabla hakujapambazuka, anayelinda mazao usiku: wote hawa wako kazini saa zile zile ambazo mbu wa malaria, Anofelesi, huuma zaidi. Chandarua kiko kitandani, wao wako shambani. Kilichobaki ni nguo ndefu na dawa ya kupaka, na katika dawa za kupaka watu wengi huchagua kwa kuangalia asili yake. Mimi nasema waangalie inakinga kwa saa ngapi.

Mchaichai, kivumbasi, mwarobaini na mkaratusi vinafukuza mbu kweli. Mbu humtafuta mtu kwa hewa anayoipumua, joto la mwili na harufu ya jasho, na mafuta ya mimea hii humvuruga asiipate njia. Tatizo ni kwamba mengi ya mafuta hayo ni mepesi, hupeperuka upesi, na mtu anayelima huku akitoka jasho huyapoteza mapema zaidi. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2002 kwenye jarida la New England Journal of Medicine, dawa yenye DEET (kiambato cha kufukuza mbu kinachotengenezwa kiwandani) ya takriban asilimia 24 ilikinga kwa wastani wa dakika 301. Iliyotengenezwa kwa mafuta ya soya ilifika dakika 94 hivi. Zile za sitronela, mafuta ya ndugu wa mchaichai, hazikufika dakika 20. Kwa zamu ya usiku mzima, pengo hilo ni kubwa mno kulifumbia macho.

Shina la mchaichai kando ya mlango nalo lisikupe matumaini. Majani yake ambayo hayajapondwa hayatoi mafuta ya kutosha kumzuia mbu.

Kuna mmea mmoja unaostahili sifa ya pekee: mkaratusi wenye harufu ya limau. Mafuta ya majani yake yakichakatwa hutoa kiambato kiitwacho PMD, na dawa yenye PMD ya kutosha hukinga kwa saa kadhaa, ikiikaribia DEET. Lakini mafuta yaliyokamuliwa tu kutoka kwenye majani hayo si PMD, hata chupa ikiandikwa jina linalofanana. Soma lebo utafute herufi hizo tatu. Watoto walio chini ya miaka 3 wasipakwe.

DEET ilitengenezwa na jeshi la Marekani mwaka 1946, na raia wakaanza kuitumia mwaka 1957. Asilimia iliyo kwenye chupa huonyesha zaidi muda wa kinga, na ikipita 50 hakuna faida ya maana inayoongezeka. Ipakwe kwenye ngozi iliyo wazi tu. Isipakwe kwenye vidonda, machoni wala chini ya nguo, na mtoto ambaye hajatimiza miezi 2 asipakwe kabisa. Huyeyusha baadhi ya plastiki, kwa hiyo isiguse saa ya mkononi wala miwani yako. Asiyeitaka kwa sababu hiyo atafute ikaridini, kiambato kingine cha dukani cha kufukuza mbu, ambayo haina tabia hiyo wala harufu kali.

Ukiamua kutumia mafuta ya mimea uliyoyakamua mwenyewe, usiyapake yakiwa matupu, kwani huunguza ngozi. Changanya mililita 5 kwenye mililita 95 za mafuta ya nazi au alizeti, jaribu kidogo upande wa ndani wa mkono, kisha subiri siku nzima uone kama patawasha. Paka tena mara kwa mara, kwani kinga yake ni fupi. Maji ya ndimu na mafuta ya maganda yake yaache kabisa mchana: jua likiyakuta kwenye ngozi, panaweza kutoka malengelenge.

Jambo moja naliomba kwa msisitizo: usipake mwilini wala kunyunyizia nguo zako viuatilifu vya mazao au dawa ya kuogeshea mifugo, hata kama kiambato chake ni jamii ya pareto. Permetrini ya nguo, dawa ya kuua wadudu ya jamii hiyo, hutengenezwa maalumu kwa kazi hiyo, hupakwa kwenye kitambaa na kuachwa ikauke kabla ya kuvaa, wala haigusi ngozi ikiwa mbichi. Masalia yake yasimwagwe kwenye bwawa, kwa sababu huua samaki.

Mkamuaji naye anawe mikono kwa sabuni kabla ya kushika chuchu, iwe amepaka mchaichai au DEET. Maziwa hushika harufu upesi.