Ndoo moja imejaa, inayofuata ina pengo: tazama kwanza mbele ya skrubu

Kama mashine inayounda ndoo au maboya ya nyavu kwa kusindilia plastiki iliyoyeyuka kwenye kalibu inatoa moja nzima na inayofuata ina pengo ukingoni, usikimbilie kupandisha joto. Pima uzito wa ndoo 10 mfululizo, na kila mara andika skrubu (parafujo kubwa ya ndani inayoyeyusha plastiki na kuisukuma) imesimama wapi mwisho wa kusindilia. Mbele yake ibaki akiba ya plastiki, tuseme milimita 3 hadi 6, isiyoyumba. Ikiteleza hadi sifuri hata ukiongeza dozi (kiasi cha plastiki cha kila mzunguko), plastiki inarudi nyuma: ringi ya ncha ya skrubu, inayoizuia isirudi, imelika, au kipande cha chuma kutoka malighafi iliyosagwa kimeizuia ringi isifunge. Ifungue uitazame, ringi iliyochimbika haitibiki kwa presha.

Akiba ikitulia lakini muda wa skrubu kurudi nyuma kuvuta plastiki mpya unapishana, kagua koo la hopa, yaani tundu ambalo chembe za plastiki hushukia kutoka chombo cha juu hadi kwenye skrubu. Hapa Mwanza wanaopozea koo hilo kwa maji ya ziwa wajue mirija ya maji hujaa tope na mwani. Koo linapata moto, chembe zinashikana bonge juu ya skrubu. Liwe vuguvugu tu. Na chekecha malighafi iliyosagwa: vumbi na mapande makubwa havishuki sawa.