Jinsi ya kupanga masomo ya watoto na vijana kanisani ili wapitie Biblia nzima

Mwongozo huu nimeuandika baada ya kukaa na mratibu mpya wa Shule ya Jumapili wa kanisa jirani. Alikuwa amekabidhiwa daftari la mahudhurio na ufunguo wa chumba, basi. Walimu walikuwepo na moyo walikuwa nao. Tulipowauliza watoto wakubwa ni habari gani za Biblia wanazijua, wakataja safina ya Nuhu, Daudi na Goliathi, Yona na samaki, Danieli katika tundu la simba. Tulipouliza nani alitangulia kuishi, Musa au Daudi, darasa likanyamaza. Watoto hao walikuwa wakihudhuria tangu wakiwa wadogo kabisa.

Lawama haiwaangukii wao. Kila mwalimu alikuwa anachagua somo lake Jumamosi usiku, na mwalimu akiachiwa achague huchukua habari anayoipenda. Ndiyo maana Nuhu hufundishwa kila mwaka na Yeremia hafundishwi kamwe. Dawa yake ni mpango wa miaka mitatu ulioandikwa na kubandikwa ukutani. Hatua nyingine zote humu ni za kuulinda mpango huo.

Hatua ya 1: Pata baraka za mchungaji na wazee

Fanya hivyo kwa mazungumzo, kisha uombe iandikwe kwenye kumbukumbu za kikao. Omba mambo matatu tu: chumba, muda usiobadilishwa ovyo, na idhini ya kuwakataa watu wasiofaa kufundisha. La tatu ndilo utakalolihitaji kwanza.

Hatua ya 2: Weka kanuni za usalama kabla ya somo la kwanza

Hapa sina mjadala na mtu. Mtu mzima mmoja hakai peke yake na watoto, hata kama ni mke wa mchungaji, hata kama ni dakika tano. Wawe wawili, wasio wa nyumba moja. Mlango ubaki wazi, au uwe na kioo. Mtoto mdogo aondoke na aliyemleta, na jina la aliyemchukua liandikwe. Kwa vijana, mwalimu asiwaandikie ujumbe wa faragha kwenye simu. Mawasiliano yapite kwenye kundi ambalo mtu mzima wa pili yumo na wazazi wanalifahamu. Mtoto akikueleza kwamba anaumizwa, usimwahidi kuitunza siri. Msikilize bila kumhoji, andika maneno yake kama alivyoyasema, mfikishie siku hiyo hiyo mhusika wa ulinzi wa watoto, na sheria inapotaka vyombo vya serikali viarifiwe, viarifiwe. Jambo hilo halimalizwi kifamilia wala kikanisa.

Mwalimu anayeona kanuni hizi zinamdhalilisha, mshukuru kwa nia yake na umtafutie huduma nyingine.

Hatua ya 3: Gawanya kwa umri, miaka mitatu mitatu

Miaka 4 hadi 6, 7 hadi 9, 10 hadi 12, 13 hadi 15, 16 hadi 18. Kama watoto ni wachache, unganisha makundi mawili chumba kimoja lakini majina yaandikwe kwenye orodha tofauti. Sababu ya miaka mitatu iko kwenye hatua inayofuata. Usiibadilishe kabla hujaisoma.

Hatua ya 4: Andika mpango wa miaka mitatu

Hii ndiyo kazi yenyewe, na hapa ndipo waratibu wengi hukwama mpaka wakakata tamaa. Tenga siku nzima, na usikae peke yako. Chukua karatasi kubwa ya manila, penseli, kifutio na kalenda. Najua wengi watakimbilia jedwali la kompyuta. Mimi nasema penseli kwanza, kwa sababu mpango huu lazima uonekane wote kwa mara moja, na mwalimu auone kila anapoingia chumbani.

Kanuni ya kwanza: urefu wa mzunguko ulingane na upana wa kundi. Mzunguko ukiwa wa miaka mitatu na kundi likiwa la miaka mitatu, mtoto ataupitia wote mara moja katika kila kundi, hata akiingia mwaka wowote. Kundi likiwa la miaka minne, atarudia mwaka mmoja. Likiwa la miaka miwili, kuna theluthi ya Biblia ataikosa. Wazo la kuyagawa mafundisho kwa Jumapili si geni: Katekisimu ya Heidelberg ya 1563, kitabu cha kufundishia imani kwa maswali na majibu, ina maswali 129, na yamepangwa katika Jumapili 52 ili kanisa liyamalize kwa mwaka.

Kanuni ya pili: makundi yote yafundishwe sehemu ile ile ya Biblia Jumapili ile ile. Kinachotofautiana ni kina. Ndugu wawili wakirudi nyumbani waweze kuzungumza, na mzazi awe na swali moja la kuwauliza wote. Chukua habari za Yusufu, Mwanzo 37 hadi 50. Wadogo kabisa wasikie kwamba ndugu zake walimwonea wivu na Mungu alikuwa pamoja naye. Wa miaka 7 hadi 9 wapange matukio kwa mfuatano. Wa 10 hadi 12 wasome wenyewe sura ya 45, kisha 50:20. Wa 13 hadi 15 wakae na sura ya 39, kijana aliyekataa jaribu na bado akatupwa gerezani kwa kusingiziwa. Wakubwa waulize kwa nini Yusufu aliwajaribu ndugu zake katika sura za 42 hadi 44 kabla ya kujitambulisha, kisha wasome sura ya 47, watu wanapouza mashamba yao na nafsi zao ili wapate chakula. Kijana wa miaka 17 akisikia Yusufu wa namna hiyo hatasema "hii nimeshaisikia."

Sasa anza kuandika. Usianze na Januari. Anza na Pasaka, kwa sababu ndiyo inayohamahama: huangukia kati ya Machi 22 na Aprili 25. Mwaka 2027 ni Machi 28, kwa hiyo kuna Jumapili 12 tu za mwaka huo kabla yake. Mwaka 2028 ni Aprili 16, na zipo 15. Ukiandika masomo 15 ya Injili kwa mwaka 2027, Yesu atakuwa bado yuko Galilaya wakati kanisa linaimba ufufuo.

Ukishaweka Pasaka, jaza hivi:

Januari hadi Pasaka: Injili moja. Marko mwaka wa kwanza, Luka wa pili, Mathayo wa tatu. Yohana iwe akiba kwa miaka ambayo Pasaka inachelewa. Ile misemo saba ya "Mimi ndimi" (mkate wa uzima, nuru ya ulimwengu, mlango, mchungaji mwema, ufufuo na uzima, njia na kweli na uzima, mzabibu wa kweli) inakupa masomo saba ambayo kila moja linajitegemea, kwa hiyo unaweza kuchukua mawili au matatu bila kuvunja mtiririko.

Baada ya Pasaka hadi Pentekoste (Jumapili ya saba baada ya Pasaka): Matendo ya Mitume. Mwaka wa kwanza sura 1 hadi 8, wa pili 9 hadi 15, wa tatu 16 hadi 28. Kati ya sikukuu hizo mbili zipo Jumapili sita daima, na huu ndio upande pekee wa karatasi usiosumbua.

Baada ya Pentekoste hadi Majilio (majira ya Jumapili nne kabla ya Krismasi): hapa ndipo penye nafasi kubwa. Mwaka 2027 Pentekoste ni Mei 16 na Majilio yanaanza Novemba 28, kwa hiyo una Jumapili 27. Lipe Agano la Kale 18, nyaraka (barua za mitume) 6, na 3 zibaki tupu. Agano la Kale ligawe: Mwanzo hadi Yoshua, kisha Waamuzi hadi Wafalme pamoja na Zaburi na Mithali, kisha manabii, uhamisho, na kurudi kwa Ezra na Nehemia.

Majilio hadi mwisho wa mwaka: ahadi na kuzaliwa kwa Yesu.

Sasa tahadhari, nazo ni nyingi.

Jumapili tupu zibaki tupu. Mtu ataziona na kutaka kuzijaza. Kataa. Kutakuwa na ibada ya pamoja, mwalimu ataugua, mkutano utachukua chumba. Na somo likipotea, usiyasukume mengine yote mbele. Ama litumie kwenye Jumapili tupu, ama liache mpaka mzunguko ujao. Pasaka haitakusubiri, na mpango uliosukumwa mara tatu huishia kutupwa.

Hesabu Jumapili za kila mwaka kwa kidole kwenye kalenda. Miaka mingi ina 52, lakini 2028 ina 53, kwa kuwa inaanza Jumamosi na ina siku 366.

Anayeingia katikati ya mzunguko anaweza kukutana na Nehemia kabla hajamsikia Abrahamu. Usirudi nyuma kwa ajili yake. Funga kamba ukutani kutoka kona hadi kona, utundike kadi: Abrahamu, Musa, Daudi, kuanguka kwa Samaria 722 KK, kuanguka kwa Yerusalemu 586 KK, kuzaliwa kwa Yesu, Pentekoste. Kila somo lianze kwa mtoto mmoja kwenda kuonyesha kwa mkono tuko wapi leo. Kamba hiyo imefundisha zaidi ya picha zote nilizowahi kutundika.

Wadogo wa miaka 4 hadi 6 hawawezi kufuata hoja ya waraka. Wape watu waliomo. Wakubwa wakisoma Filemoni, wadogo wasikie habari za Onesimo aliyerudi. Wakubwa wakiwa kwenye 2 Timotheo, wadogo wasikie habari za Timotheo, mama yake Eunike na bibi yake Loisi.

Zipo sura ambazo ni za wakubwa peke yao. Waamuzi 19 na 2 Samweli 13 zina ukatili wa kingono. Usizifiche kwa vijana wa miaka 16 hadi 18, maana wengine wameyaona mambo hayo karibu nao, lakini somo hilo lifundishwe na mwanamume na mwanamke pamoja, na wajue mapema watampeleka wapi kijana atakayetaka kuzungumza. Jumapili hiyo makundi mengine yapewe sura nyingine ya kitabu hicho hicho, na iandikwe kwenye mpango ili mwalimu asibahatishe.

Mwisho, penseli ikishatulia, nakili kwa wino na umpe kila mwalimu nakala ya robo mwaka tu. Akipewa miaka mitatu yote kwa mkupuo ataogopa.

Hatua ya 5: Walimu

Wawili kwa kila kundi. Afadhali mtu asiye msemaji anayefika mapema kuliko msemaji hodari anayechelewa.

Hatua ya 6: Kipindi chenyewe

Dakika 45 zinatosha. Kamba, wimbo, somo, mazungumzo, sala. Simulia kwa mdomo ukiwa na Biblia imefunguliwa mkononi, mtoto aone maneno yanatoka wapi. Video mimi siitumii: mtoto hukumbuka katuni, na sura ya Musa inabaki ile ya mchoraji. Kwa wanaojua kusoma, wasome wao. Robert Raikes alipoanzisha shule yake ya Jumapili mjini Gloucester, Uingereza, mwaka 1780, watoto waliokuwa wakifanya kazi wiki nzima walifundishwa kwanza kusoma, na sioni sababu ya sisi kuwasomea watoto wanaoweza kusoma. Kwa umri chini ya miaka 12 napendelea tafsiri ya Biblia ya Habari Njema kuliko ile ya Union, kwa sababu lugha yake haihitaji kufafanuliwa kila mstari.

Mstari mmoja mmoja wa kukariri kila wiki husahaulika. Chagua kifungu kizima kwa miezi miwili: Zaburi ya 1, Zaburi ya 23, Zaburi ya 121, Amri Kumi, Mathayo 6:9-13. Watoto wakariri wote kwa sauti moja, bila kumsimamisha mtu peke yake ili aaibike.

Hatua ya 7: Vijana

Kuanzia miaka 13, acha kuwahubiria. Weka sanduku la maswali yasiyo na majina, na swali lijibiwe Jumapili inayofuata baada ya walimu kujiandaa. Swali gumu lisipewe jibu la haraka. Anayeuliza kwa nini Mungu yuko kimya, msome naye Habakuki, au Zaburi ya 88 inayoisha bila faraja, aone kwamba kilio chake kimo ndani ya Maandiko na hakijafutwa.

Wape kazi halisi: kusoma neno katika ibada, kupiga ala, kumsaidia mwalimu wa wadogo. Lakini wapokezane. Msichana anayekaa na watoto kila Jumapili amekosa darasa lake mwaka mzima, na kanisa limemsifu kwa hilo.

Hatua ya 8: Daftari na kupanda kundi

Andika mahudhurio na somo lililofundishwa kweli, si lililopangwa. Aliyekosa Jumapili tatu mfululizo atembelewe nyumbani na walimu wawili. Mwishoni mwa mwaka panda makundi kwa umri, wote siku moja, mbele ya kanisa, na mwalimu wa zamani amkabidhi mwalimu mpya daftari akiwa amezungushia kwa kalamu masomo yaliyopotea, ili mzunguko ukirudi yaanze hayo.