Kabla Hujaweka Sahihi kwenye Risiti ya Kichina

Mtu wa kwetu anayeishi Guangzhou, China, au anayekwenda Yiwu, mji wa masoko ya jumla hukohuko, kufuata mzigo, hujifunza Kichina cha mdomo upesi kwa sababu bei haishuki bila maneno. Mwandiko ndio anaouahirisha mwaka baada ya mwaka, akiamini kwamba pinyin, yaani Kichina kilichoandikwa kwa herufi za Kilatini, pamoja na simu yenye kamera vitamtosha. Havitoshi. Ninaandika haya baada ya kupoteza sehemu kubwa ya malipo yangu ya awali ya vitasa vya milango, tena kihalali kabisa, kwa ajili ya herufi moja ambayo sikio haliwezi kuitenga na mwenzake.

Malipo ya awali huitwa dìngjīn. Lakini kuna 订金 na kuna 定金, na yote mawili hutamkwa sawasawa, toni kwa toni. Tazama herufi ya kwanza tu, kwa maana 金 ni ileile. 订 ina mistari minne: kushoto kuna 讠, sehemu inayoonekana katika herufi nyingi zinazohusu maneno, na kulia kuna 丁. 定 ina mistari minane na juu yake kuna paa, 宀. Isiyo na paa ni advansi ya kawaida. Biashara isipofanyika, kwa kawaida hurudishwa, ingawa muuzaji anaweza kudai fidia ya hasara anayoweza kuithibitisha. Yenye paa ni kama kishika uchumba: posa ikivunjwa na mwoaji, hadai kitu. Sheria ya Kiraia ya China, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2021, inasema kwamba aliyetoa 定金 akivunja mkataba haipati tena, na aliyeipokea akivunja yeye, anairudisha mara mbili.

Risiti yangu ilikuwa na paa. Shemeji yangu wa Kariakoo, ambaye mzigo ulikuwa wake, alibadili mawazo baada ya fedha kulipwa, akaniambia kwa upole, kana kwamba tunazungumzia duka la jirani, nikamwombe mwenye mali aturudishie. Mwenye mali alinikaribisha chai, akaweka kidole juu ya 定, basi. Sheria hiyohiyo inaweka ukomo wa asilimia 20 ya thamani ya mkataba, na kinachozidi hapo hakihesabiwi kuwa 定金. Kwa kuwa tulikuwa tumelipa asilimia 30, kama wengi wanavyolipa, ile ziada ndiyo pekee iliyorudi, nayo ilirudi baada ya kuidai kwa maandishi. Usipoidai, hakuna atakayekukumbusha.

Usiitegemee simu katika jambo hili. Kamera ya kutafsiri inaweza kukupa neno moja kwa herufi zote mbili, na ukituma ujumbe kwa kuzungumza, programu hujichagulia herufi yenyewe. Hatari zaidi ni kibodi: ukiandika dingjin kwenye WeChat, programu ya ujumbe ya Wachina, inakuletea orodha ya herufi, na asiyejua kusoma hubonyeza ya kwanza. Ujumbe huo unaweza kutumika kama ushahidi, nao umeutuma wewe. Narudia: hata kama risiti imeandikwa vizuri, angalia pia ulichokiandika mwenyewe.

Jambo la pili ni tarakimu. 一 (moja) huongezwa mstari ikawa 二 (mbili), au ikachomwa wima ikawa 十 (kumi), na ndiyo maana kiasi cha fedha kwenye hati huandikwa kwa herufi zenye mistari mingi, zisizogeuzwa kirahisi. Moja hadi kumi ni 壹, 贰, 叁, 肆, 伍, 陆, 柒, 捌, 玖, 拾, kisha 佰 (mia) na 仟 (elfu). Zijue hizo kabla ya kujua kuandika jina lako. Jihadhari pia na 万, ambayo ni elfu kumi: 3万 ni 30,000, na wengi wetu hukosea hesabu hapo kwa kuwa sisi huhesabu kwa maelfu.

Kuhusu kujifunza kwenyewe, nunua daftari la miraba liitwalo 田字格 na uandike kuanzia juu kwenda chini, kushoto kwenda kulia, mstari wa mlalo kabla ya wa wima unaoukata, na sanduku kama la 国 lifungwe mwishoni. Utaratibu huu haukuwekwa kwa ajili ya urembo. Risiti za dukani huandikwa kwa mkono wa haraka, mistari ikiunganishwa, na asiyejua mkono ulipitia wapi hawezi kuisoma.

Sidhani kwamba wenyeji wetu wa China ni walaghai kuliko wafanyabiashara wa Mombasa au Dar es Salaam. Wamelelewa katika mwandiko. Mtoto wa shule hujaza ukurasa mzima kwa herufi moja, na mtu mzima aliyeweka sahihi huhesabiwa kuwa amesoma. Chai, chakula cha jioni na kuitwa rafiki havibadilishi kilichoandikwa, na karatasi ya kampuni isiyo na mhuri mwekundu wa duara haina uzito mkubwa mbele yao. Nayaona haya kuwa ya haki, ingawa ni haki isiyo na huruma, na ndugu walioko nyumbani wanaosema “wewe si uko huko, malizana nao” wangepaswa kuamua wanachotaka kabla ya kutuma fedha, si baada.

Mkikubaliana kwamba fedha irudi biashara ikikwama, mwombe muuzaji aandike 预付款, yaani malipo ya awali, mahali pa dìngjīn ya aina yoyote, kisha uandike 可退, inaweza kurudishwa, kando ya kiasi, naye aweke sahihi na mhuri papo hapo. Akikataa, lipa kile tu ambacho uko tayari kukipoteza, au nenda duka linalofuata.